Karatasi imeandikwa PLT 68, na sasa nyumba nzima haina amani

Shangazi,

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vitenge hapa Arua. Binti yangu mkubwa ana miaka 14, anasoma bweni. Juma lililopita nesi wa shule alinipigia simu nimfuate kwa sababu ana homa na anatapika. Nilimtoa huko kwa boda moja kwa moja hadi kliniki ya mtaani kwetu. Wakampima, malaria ikaonekana. Wakampa Coartem na sindano ya diklofenaki ya kutuliza maumivu, kisha wakatoa damu mkononi wakaitia kwenye mashine.

Karatasi iliyotoka ndiyo imenikosesha usingizi. Kuna mstari wa PLT 68, na pembeni yake herufi L. Mistari mingine inasema HGB 10.8 na WBC 6.1. Kijana aliyenipa majibu akaniambia, "Mama, pleteleti za huyu mtoto zimeanguka, damu yake haigandi. Inaweza kuwa saratani ya damu. Tafuta laki nane apelekwe Kampala akaongezewe." Aliyasema hayo mtoto mwenyewe akiwa amekaa hapo hapo, anasikia.

Coartem amemaliza jana, homa imeshuka, na chakula anakula. Lakini nyumbani kila mtu ni daktari. Mama mkwe wangu anachemsha majani ya mpapai asubuhi na jioni, mtoto anayameza huku machozi yanamtoka. Jirani ameniletea bitiruti na fungu la mboga ya dodo, yaani mchicha, anasema nimwongezee damu. Shemeji yangu, askari mstaafu, anasema yeye ni grupu O, atoe damu yake mtoto awekewe, mambo yaishe. Mume wangu yuko kazini Kampala, kila akipiga simu anauliza kama auze pikipiki. Mimi kichwa kikimuuma mtoto nampa tembe ya aspirini ya dukani, alale.

Nina hofu nyingine sijamwambia mtu. Hedhi yake inakaribia. Kama damu haigandi, si itamwagika yote?

Na jambo la mwisho, sijui kama linahusika. Alilelewa na bibi yake Pakwach hadi alipomaliza P5, kutwa wako mtoni. Tangu siku hizo tumboni mwake upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna kitu kigumu. Tulizoea, tukaona ndivyo alivyoumbwa.

Hizi pleteleti ni kitu gani hasa, na nifanye nini?

Mama wa Binti, Arua

Aleikum salaam, mwanangu.

Kabla ya yote, aspirini iache leo hii. Sababu nitakueleza nikifika mahali pake. Kichwa kikimuuma mpe parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake. Na pikipiki ya baba yake isiuzwe.

Pleteleti ndizo chembe sahani. Katika damu kuna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, kuna chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na kuna hizi, ambazo ni ndogo kuliko zote na hazina hata kiini. Kwa kweli ni vipande vya chembe nyingine. Ndani ya uboho wa mifupa kuna chembe kubwa sana zinazoitwa megakariositi. Hizo hupenyeza mikono yake ndani ya mishipa midogo ya damu na kumeguka huko, moja ikitoa maelfu ya vipande. Mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, maana kila kipande huishi siku 7 hadi 10 tu, kisha huondolewa, kazi inayofanywa zaidi na bandama na ini. Kumbuka hizo siku, tutazirudia.

Mtu aliyeonyesha kazi yake ni Mtaliano Giulio Bizzozero, mwaka 1882. Alitazama kwa darubini mishipa ya wanyama walio hai, akaona kwamba mshipa ukiumizwa, vipande hivi ndivyo vinavyofika na kung'ang'ania pale kwanza. Waliokwisha kuviona kabla yake, baadhi yao walivichukulia kuwa mabaki tu ya chembe nyingine.

Sasa fikiria unamenya muhogo, kisu kikateleza kidoleni. Mshipa mdogo uliokatika hujibana wenyewe mara moja, lakini kujibana hakutoshi. Ukuta wa mshipa umechanika na nyuzi ngumu za kolajeni zilizokuwa zimefichwa nyuma yake zimekutana na damu. Chembe sahani zinazopita hapo zinanaswa kwenye nyuzi hizo kwa msaada wa protini ya damu iitwayo von Willebrand. Zikishanasa hubadilika umbo: zilikuwa bapa na laini, sasa zinatoa miiba pande zote. Zinamwaga kemikali zinazoita nyingine, na zinazokuja zinashikamana na zilizotangulia hadi tundu linazibwa. Hilo ni suala la dakika chache tu. Baada ya hapo protini za kugandisha damu zinatengeneza nyuzi za faibrini zinazolifunika lile fungu na kulikamata pamoja na chembe nyekundu zinazopita, kama wavu unavyokamata samaki pale Pakwach. Mwisho chembe sahani hujivuta, zinavuta na zile nyuzi, kingo za jeraha zinasogeleana. Gamba unalolibandua baada ya siku kadhaa ndilo hilo, limekauka.

Hapo ndipo aspirini inapoharibu. Moja ya zile kemikali za kuita wenzake hutengenezwa ndani ya chembe sahani, na aspirini huuzima mtambo wake. Chembe nyingine ya mwili ingetengeneza mtambo mpya. Hii haina kiini, haiwezi, kwa hiyo inabaki bubu hadi siku yake ya kufa. Ndiyo maana tembe ya leo bado inafanya kazi juma zima baadaye. Ibuprofeni na diklofenaki nazo huzuia kwa njia hiyo hiyo, ila athari yake huisha dawa ikishatoka mwilini. Binti yako ana chembe chache, na wewe kwa nia njema umezinyamazisha baadhi ya hizo chache alizo nazo. Halafu hata kama PLT yake ingekuwa nzuri kabisa, mtoto wa umri huo mwenye homa hapewi aspirini, kwani kuna ugonjwa wa nadra unaoweza kushambulia ubongo na ini. Na wakitaka kumchoma tena sindano ya makalio, waonyeshe ile karatasi kwanza. Sindano ya ndani ya msuli kwa mtu mwenye chembe sahani chache huweza kuacha uvimbe wa damu. Kliniki zetu zinaipenda mno hiyo diklofenaki ya sindano. Mgonjwa anaona ametibiwa, na anayechoma anaona amelipwa.

Turudi kwenye karatasi. PLT 68 maana yake ni chembe sahani 68,000 katika mikrolita moja ya damu, na mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Kiwango cha kawaida ni kati ya 150 na 400, mashine nyingine huandika hadi 450. Kwa hiyo herufi L ni ya kweli, ziko chini. Lakini tone moja la damu lina kama mikrolita 50. Piga hesabu: katika tone moja tu la binti yako kuna zaidi ya milioni tatu. Aliyekuambia damu haigandi amesema kitu ambacho karatasi haijasema. Kwa kawaida madaktari wa upasuaji huanza kusita zikiwa chini ya 50. Kutoka damu bila kuumia huwa hofu ya kweli zikishuka chini ya 20, na chini ya 10 ndipo wengi hufikiria kumwongezea hata mgonjwa ambaye hatoki damu.

Kwa nini zimeshuka? Jibu la kwanza liko kwenye karatasi hiyo hiyo ya kliniki: malaria. Wagonjwa wengi wa malaria PLT yao hushuka. Wakati wa malaria mwili unazifagia chembe sahani kwa kasi na bandama inazimeza. Tena zenyewe zimo vitani, maana watafiti wameona zinajibandika kwenye chembe nyekundu zenye vimelea na kusaidia kuviua. Dawa ikifanya kazi, huanza kupanda baada ya siku chache, na kwa wengi zimerudi ndani ya juma moja au mawili. Hakuna dawa ya kuzipandisha inayohitajika hapo zaidi ya Coartem ambayo ameshaimaliza.

Kuhusu saratani, huyo kijana angenikuta kwenye maabara yangu ya zamani tungekorofishana. Neno kama hilo halisemwi mbele ya mtoto kwa sababu ya mstari mmoja wa karatasi, tena mtoto mwenye malaria iliyothibitishwa. Chembe zake nyeupe, hiyo WBC 6.1, ziko katika kiwango cha kawaida. Hilo peke yake haliondoi kila shaka, lakini shaka inaondolewa kwa kitu rahisi ambacho hakikufanyika: kupaka tone la damu kwenye kioo na mtu mwenye ujuzi kulitazama kwa darubini. Darubini ya malaria inatosha.

Kioo hicho kina faida nyingine. Mashine haioni, inahesabu tu vitu vidogo vinavyopita kwenye tundu. Kile kichupa chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, na kwa watu wachache dawa hiyo hufanya chembe sahani zishikane mafungumafungu. Mashine inapita fungu la chembe kumi bila kulihesabu kama chembe sahani, na karatasi inatoka na namba ya uongo. Damu ikitolewa kwa shida, mtoto analia na sindano inahangaika, kunaweza kuganda kidogo ndani ya kichupa na namba ikaanguka vivyo hivyo. Nimeona PLT 20 ya mtu anayecheka, na kwenye kioo mafungu yamejaa pembeni.

Sasa nije kwenye mstari wa barua yako ulioniongezea mapigo ya moyo, na wewe umeuweka mwisho kana kwamba ni salamu. Kitu kigumu upande wa kushoto chini ya mbavu, kwa mtoto aliyekulia Pakwach akioga Nile, karibu hakika ni bandama iliyovimba. Bandama ya mtu mzima wa afya haishikiki kwa mkono.

Kandokando ya Mto Nile na Ziwa Albert kuna kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini, vinapenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji, vinakuwa minyoo na kukaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo. Mayai yao husombwa hadi kwenye ini. Miaka ikipita ini linaweka makovu, damu inakosa njia nzuri ya kupita, inarudi nyuma, na bandama inavimba. Malaria ya kurudiarudia nayo inaweza kuivimbisha, na mara nyingine vyote viwili vipo. Sasa sikia uhusiano wake na PLT. Kwa mtu mzima wa afya, karibu theluthi moja ya chembe sahani zote hukaa ndani ya bandama zikipumzika. Bandama ikiwa kubwa sana inaweza kushika hadi asilimia 90. Zipo, uboho unazitengeneza, ila zimefungiwa humo na hazionekani kwenye damu iliyotolewa mkononi.

Kwa hiyo inawezekana PLT yake ilikuwa chini hata kabla ya malaria hii, na huenda isirudi yote. Hilo likitokea usishtuke ukadhani dawa ya malaria imeshindwa. Mpeleke hospitali ya rufaa hapo Arua, si kliniki ile, kati ya siku 7 na 14 baada ya kumaliza Coartem, ukiwa na karatasi ya zamani mkononi. Omba wapime damu upya na waitazame kwenye kioo. Mwambie daktari maneno yale yale uliyoniandikia kuhusu Pakwach na tumbo, na mwambie mwanzoni kabisa, usisubiri uwe umeshika kitasa cha mlango. Atalishika tumbo, ataomba ultrasaundi ya ini na bandama, na choo kipimwe mayai ya kichocho. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, inayotolewa kwa kipimo cha uzito. Omba pia kipimo cha homa ya ini B, ambayo ipo sana upande wetu huu wa West Nile, na cha VVU, kwani vyote viwili vinaweza kushusha chembe sahani taratibu bila kelele. Vyote vikitoka safi na namba bado iko chini, kuna hali ambayo kinga ya mwili wenyewe hushambulia chembe sahani. Nayo inatibika, lakini hatujafika huko, tusijitafutie.

Hadi bandama ichunguzwe, netiboli na kurukaruka juu ya vitanda vya bweni visubiri. Bandama kubwa ikigongwa inaweza kupasuka. Na wale jamaa wanaokuja kusalimia kisha wanabonyeza tumbo la mtoto "tuone", waambie Shangazi amekataza.

Sasa mama mkwe na majani yake. Majani ya mpapai yamefanyiwa utafiti, zaidi kwa wagonjwa wa homa ya dengi huko Asia, na baadhi ya tafiti ziliona chembe sahani zikipanda haraka kidogo. Hiyo si malaria, na si bandama. Mtoto aliyekuwa anatapika hahitaji kinywaji kichungu cha kumtapisha zaidi. Lakini usimvunjie mama heshima. Mwambie, "Mama, daktari anataka apime tena damu bila kitu kingine ndani, ajue dawa yake imefanya nini. Tusimame kwanza na majani, papai lenyewe aendelee kula." Hilo ni kweli, hujamdanganya.

Bitiruti na dodo za jirani zipike. Haziongezi PLT, lakini tazama ile HGB 10.8: kwa msichana wa umri wake tunataka angalau 12. Hiyo ni himoglobini, kipimo cha chembe nyekundu, na malaria pamoja na hedhi huzila. Dodo, maharage, dagaa na nyama ukipata vitamsaidia huko. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili. Mtu anaambiwa pleteleti ziko chini, anaenda kununua dawa ya kuongeza damu.

Hedhi yake isikutie kiwewe. Kwa PLT 68 inaweza kuja kama kawaida au ikazidi kidogo. Muulize taratibu, mkiwa wawili tu, kama miezi iliyopita imekuwa mizito, na kama pua au fizi humtoka damu mara kwa mara. Majibu hayo yatamsaidia daktari kuliko unavyodhani. Akilowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili tatu mfululizo, au akipata kizunguzungu, mpeleke siku hiyo hiyo. Kuna tembe za kupunguza damu ya hedhi ambazo daktari anaweza kumwandikia.

Usingoje miadi pia ukiona vidoa vidogo vyekundu au vya zambarau ambavyo havififii ukivibonyeza. Kwa ngozi yetu nyeusi vitafute ndani ya mdomo, ndani ya kope la chini na kwenye vifundo vya miguu. Pua ikitoka damu zaidi ya dakika 20 ingawa umeibana, choo kikiwa cheusi cha kunata, mkojo ukiwa na damu, kichwa kikimuuma vibaya huku anachanganyikiwa, nenda, hata kama ni saa nane za usiku. Akitapika damu, hilo ni la haraka kuliko yote, maana mishipa ya koo la chakula huvimba kwa watu ambao kichocho kimeshika ini. Na kama homa itarudi ikiambatana na kutoka damu, usimpanguse kwa mikono mitupu. Mpigie mhudumu wa afya wa kijiji kwanza. Nchi hii imeshaona Ebola na Marburg, na wahudumu wanajua la kufanya.

Imebaki laki nane. Kwa mtoto mwenye 68, asiyetoka damu, anayekula na ambaye homa imeshuka, hakuna sababu ya kumwongezea chembe sahani. Tena zikiwekwa kwenye mwili wenye bandama kubwa, nyingi zitaishia humo humo. Zenyewe ni kitu kigumu kutunza: damu nyekundu inakaa kwenye friji zaidi ya mwezi, lakini chembe sahani hukaa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, na kwa kawaida baada ya siku 5 zinatupwa. Mtu mzima mmoja huhitaji zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji wanne hadi sita. Na damu ya benki ya damu ya taifa haiuzwi, iwe Nakasero kule Kampala au hapo Arua. Mtu akikutajia bei ya damu, muulize ni bei ya nini hasa, na uombe akuandikie.

Shemeji yako ana moyo mzuri na grupu lenye faida, asiachwe hivi hivi. Damu haitoki kwenye mkono wa mtu ikaingia kwenye mkono wa mwingine sebuleni. Lazima ipimwe VVU, homa ya ini na kaswende kwanza. Kama umri wake bado unaruhusu, ale vizuri, anywe maji, aende benki ya damu ya Arua akachangie. Mwanamume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu.

Shangazi